Sauti ya Marehemu Katika Maswali ya Sheria

Newala, Jumanne

Tuisheni ya nini, wakati hakimu mstaafu ni jirani yetu? Mjukuu wangu Somoe anambangulia korosho, naye anamwandaa kwa mtihani wa kuingia chuo cha sheria. Malipo ndiyo hayo.

Leo nilikuwepo. Mzee kauliza swali la ardhi, Somoe kajibu, "Shamba ni langu, mashahidi ninao."

Nikaganda. Sauti ya baba yake, marehemu mwanangu! Ndivyo alivyosema kabla hajanyang'anywa mikorosho, akafa na uchungu wake.

"Bibi, vipi?"

"Bangua, usinikodolee macho!"

Akifeli nitaumia. Akifaulu, kesi yake ya kwanza itakuwa ile ile ya mikorosho ya baba yake.

Jioni nimemwaga unga kaburini kutambika, nikamkaripia mwanangu: "Mtoto nimekulelea mimi. Mwache asome. Usimtume."