Neno Alilokosa Mama

Nyumbani, mlimani
Jumanne asubuhi, majani yakiendelea kupukutika

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto. Mgongo unaendeleaje? Usiniambie "mzuri tu" kama unavyosema kwenye simu, maana wifi alishanidokeza kwamba siku hizi unashuka kitandani kwa awamu. Tafuta kiti cha maana huko kazini na uache ubishi.

Sisi hatujambo. Shemeji yako anakohoa kidogo kama kawaida yake baridi ikianza, na wanangu hawaishi kuuliza mjomba atakuja lini. Mama naye ni mzima wa mwili, anakula vizuri, anagombana na kuku wa jirani kila siku. Habari zake ndizo zilizonifanya nikae niandike badala ya kupiga simu. Kwenye simu wewe hunikatiza, na yeye huwa hapo pembeni ametega sikio akijifanya anachambua mchele. Barua hii atakuletea dereva wa basi la asubuhi, yule tuliyesoma naye. Usihangaike kumpa chochote, nimeshamshonea shati.

Huku majira yamegeuka. Miti yote ya juu ya shule imekuwa ya njano na nyekundu, na mimi kutwa nafagia majani mlangoni pa duka langu la kushona. Nikimaliza kufagia na kuinua kichwa, yamejaa tena. Wachoraji wamepanda kama kila mwaka, wamejaza nyumba za wageni, wanakaa kwenye vigoda vyao kando ya barabara wakichora msitu. Mmoja aliamua kunichora mimi nikiwa nimeinama na ufagio. Kaka, amenipa makalio ambayo sina! Picha imetundikwa ukumbini kwenye maonyesho, na hakuna aliyepita pale bila kunitambua. Shemeji yako anataka kuinunua.

Mbio za baiskeli za kuteremka mlima zilifanyika wiki iliyopita. Fundi wa magari ndiye aliyeshinda, na mwenyewe anakiri kwamba hakuwa na nia ya kushinda, breki zake ndizo zilizokataa kushika. Alimpita kila mtu huku akipiga kelele wampishe. Wamempa kikombe na bendeji.

Sasa nije kwenye mchezo wetu wa kuigiza, maana najua ndiyo habari unayoisubiri, na najua kwa nini.

Mambo ni yale yale uliyoyaacha. Tunaigiza alasiri, pale kwenye mteremko chini ya ukumbi, watu wamekaa kwenye nyasi na mablanketi yao, na ukungu ukishuka katikati ya mchezo hakuna anayeondoka, waigizaji wanapaza sauti tu. Tangu sisi tukiwa wadogo Mama amekuwa nyuma ya pazia na karatasi za mchezo mapajani, akiwanong'onezea maneno wale wanaosahau. Hata wewe alikuokoa ulipoigiza askari na ukasimama pale umekodoa macho. Mwenye bucha ndiye mteja wake mkubwa. Yule baba hajawahi kumaliza mchezo hata mmoja kwa kichwa chake. Kila akifika nusu ya sentensi anasogea kwenye pazia kama mtu anayetafuta kivuli, na wote tunajua anamfuata Mama.

Mwaka huu Mwalimu, yule mstaafu anayetuongoza, aliamua kumtoa Mama nyuma ya pazia. Alimpa nafasi ya mwanamke mwenye nyumba ya wageni kwenye njia ya mlimani, ambaye wasafiri wote wanapitia kwake. Kiti chake cha kunong'oneza akapewa kinyozi. Mama alikataa kwanza, akasema uzee huu ataenda kuchekwa na nani. Kesho yake nikamkuta anasema maneno ya mchezo huku anaosha vyombo.

Basi ndipo ulipopiga simu ile. Sikulaumu, Kaka. Mimi ndiye niliyekueleza habari ya sufuria iliyoungua mpaka ikatoboka, na siku aliyosimama posta katikati ya watu hajui amefuata nini, na zile mara ananiita jina la marehemu shangazi. Ulisema atahamia kwako, kuna hospitali kubwa na wifi yuko nyumbani, na mimi nikakubali. Nilikuwa nimechoka na nilikuwa naogopa. Mama akaninyang'anya simu na kukupa yale masharti yake: akimaliza mchezo bila kukosa neno lake hata moja, usimtajie tena habari ya kuhama, akikosa, anafunga mizigo mwenyewe. Ukacheka, ukasema sawa, Mama, tumepatana. Nadhani ulifikiri ni mzaha. Kwake haukuwa mzaha hata kidogo.

Kaka, amejifunza maneno yale kama mtoto anayengoja mtihani. Nilimshonea gauni la kijani lenye mifuko, na kila nikimpima kiuno alikuwa anasema maneno yake, na ya wenzake wote pia, kwa sauti zao. Ukimsikia akiwa mwenye bucha utacheka ufe.

Jumamosi watu walijaa mpaka karibu na barabara. Nilikaa mbele kabisa na sindano kwenye kola, kama kuna kitu kitafumuka. Mama akatoka. Sijui nikuelezeje. Mama yetu huyu huyu wa kanga na kandambili, alisimama mbele ya umati ule akatupa jicho kama mwenye nyumba anayehesabu wageni wasiomlipa, na watu wakanyamaza wenyewe.

Kosa la kwanza lilikuwa la kuchekesha. Mwenye bucha alikuwa msafiri, na Mwalimu alikuwa amemfundisha kwamba kabla ya kusema anakotoka atulie kidogo, atazame bonde, ndipo aseme. Akatulia, akatazama bonde. Mama kuona kimya kile, mkono wa mazoea ukamshika. Akainama upande wake akamnong'onezea, na safu tatu za mbele tukasikia wazi: "Natoka ng'ambo ya mlima, bibi." Mwenye bucha akageuka akasema, "Nilikuwa najua!" Watu waliangua kicheko mpaka Mwalimu akakaa chini akashika kichwa. Mpaka mchezo unakaribia mwisho Mama alikuwa ameshawanong'onezea karibu wote, na ambaye hakumnong'onezea alimtingishia midomo. Hilo silihesabu, na hata wewe usilihesabu. Yale hayakuwa maneno yake.

Lake lilikuja mwishoni. Mvua imemlowesha msafiri, anagonga mlango, Mama anafungua, na anatakiwa kumwambia akae karibu na moto kwa kuwa nguo zake zimelowa. Basi, hayo tu. Amefungua mlango. Amemtazama. Halafu hakuna kitu.

Nilimjua palepale. Haikuwa woga wa watu. Ni ile sura ya posta, nilikuelezea, uso unabaki mahali pake na mwenyewe hayupo. Nikatazama pazia. Kinyozi alikuwa amechungulia nje kucheka na wenzake, na karatasi zimemdondoka, yuko chini anaziokota. Nilitaka kumpigia kelele, lakini kusema kweli neno lenyewe na mimi lilikuwa limenitoka.

Mwenye bucha akaingia ndani, akavua kofia yake ya mvua. Akasema kwa sauti yake ileile ya kuita wateja, "Najua utaniambia nikae karibu na moto, bibi, maana nguo zangu zimelowa."

Maneno hayo hayamo kwenye mchezo, Kaka. Mtu ambaye hajawahi kushika ya kwake alikuwa ameshika ya Mama.

Mama akamtazama, macho yakarudi, akasema, "Sasa kama unajua, unangoja nini? Kaa!" Uwanja mzima ukacheka na kupiga makofi, wakidhani ndivyo ilivyoandikwa. Akamaliza yaliyobaki bila kuteleza. Mimi nililia, na jirani yangu akaniuliza kwani kuna nini cha kulilia hapo.

Nilipokwenda kumvua gauni alikuwa amekaa kwenye kreti nyuma ya ukumbi. Akaniuliza, "Umeona?" Nikasema sikuona chochote, watu wote wamefurahi. Akaniambia, "Usinidanganye mimi, na kaka yako usimdanganye." Ndiyo maana nakuandikia kila kitu kama kilivyokuwa. Alikosa neno lake, moja.

Jumapili ilikuwa siku ya matembezi ya kupanda mpaka kileleni kutazama majani, na kila mwaka yeye ndiye anayeanzisha nyimbo njiani. Wenzake walisimama mlangoni wakamwita, akawaambia ana kazi. Nilimkuta chumbani na lile begi lako la zamani la shule ya bweni kitandani, anakunja nguo moja moja. Nilibishana naye mpaka nikakasirika, nikatoka nikaupiga mlango. Mimi na hasira zangu unanijua.

Jana mwenye bucha alikuja na mfuko wa mifupa ya supu. Akalitazama lile begi, akamwambia, "Mama, miaka yote hii unaninong'onezea mimi. Mimi nimekunong'onezea mara moja tu, ndiyo unahama? Basi mimi ningekuwa nimeshahama dunia nzima." Mama alicheka mpaka akajifuta machozi. Mgeni alipoondoka akaendelea kukunja nguo. Anasema alishatoa neno lake kwako, na hataki watoto wake waone anaruka maneno yake.

Sasa nisikilize, Kaka, na mara hii huwezi kunikatiza. Najua hali hii haitarudi nyuma. Muuguzi wa zahanati amenieleza bila kunificha, na nimemwomba anieleze tena ili nielewe vizuri. Jiko la Mama nimeshalifunga, anakula kwangu. Binti yangu mkubwa amehamishia godoro lake chumbani kwa bibi yake. Tarehe ya kupimwa hospitali kubwa ya huko ikifika nitamleta mwenyewe, mtamwona, mtamdekeza, kisha tutarudi. Sikuambii kwamba itakuwa rahisi, na siku nitakayoshindwa nitakupigia simu nikilia, utanivumilia.

Lakini nilikuwa nimekubaliana na wewe kwa sababu nilidhani suala ni nani atamwangalia. Jumamosi nimeona kingine. Mama akipotea hapa katikati ya barabara, muuza mboga anajua anakwenda wapi. Akianza wimbo akakwama, kuna watu kumi wa kuudaka. Huko kwako mna kila kitu, na najua mnampenda, lakini mtatoka asubuhi kwenda kazini na shuleni, na wifi hawezi kuwa kijiji kizima peke yake. Akisimama mlangoni huko, neno limemtoka, nani atajua ni neno gani alilokuwa analitafuta?

Ahadi alikupa wewe, hakunipa mimi. Nimejaribu kumwondolea ahadi hiyo, amekataa. Wewe ndiye unayeweza. Mpigie, na usimwambie kwamba neno moja si kitu, maana atakuona unamdharau. Pataneni upya, kama mlivyopatana siku ile, ila mara hii usicheke.

Msalimie sana wifi, mwambie vile vitenge alivyoniagiza viko tayari. Wabusu watoto, na yule mdogo mwambie shangazi yake amesikia habari ya jino na amefurahi sana. Shemeji yako anakusalimu, wanangu wanakusalimu, na mwenye bucha ameniambia nikusalimu kama mwenzake aliyewahi kusahau maneno. Mungu awafunike nyote, akupe mgongo wenye nguvu na moyo mwepesi.

Begi limejaa, limebaki kufungwa zipu tu. Asubuhi hii, nikiwa naandika, amekuja kusimama hapa mlangoni na sweta lake zito mkononi, akaniuliza kama huko kwako huwa kuna baridi, alipakie au aliache. Nimejifanya nimezama kwenye kuandika. Mjibu wewe.

Mimi mdogo wako nikupendaye, hata ukikasirika,

Dada yako wa cherehani