Swichi Niliyoificha Chini ya Kiti

Mshauri wangu, nakuandikia maana nyumba yangu imepoa na sijui pa kushika. Mimi ni kinyozi, mke wangu ni muuguzi, na tuna gari kuukuu la dizeli aliloachiwa na marehemu baba yake. Kile kifaa cha kuwasha plagi za hita, zile zinazopasha injini moto kabla ya kupiga stata, kilikufa, basi nikavuta waya mwenyewe kutoka kwenye betri mpaka kwenye swichi ya kubonyeza, rilei ya kubeba umeme mkubwa wala fyuzi ya kuukata ukizidi sikuweka maana sikuona haja, swichi nikaificha chini ya zulia, pale chini ya kiti cha dereva, ukiibonyeza kidogo kisha ukapiga stata gari linaitika, usipoibonyeza linakohoa tu, na mke wangu sikumwambia, nilimwambia gari hili lina tabia zake na limenizoea mimi, kwa hiyo kila asubuhi akawa ananiamsha, "Mume wangu, njoo uniwashie," na kwa majirani ananisifu nina mkono wa pekee, na sikufichi, nilikuwa naona raha.

Sasa kuna siku nililala kwa kaka yangu, simu imeisha chaji, alfajiri mama mkwe aliyekuwa kwetu akabanwa na pumu, mke wangu akapiga stata mpaka betri ikafa, majirani wakasukuma wee, wapi, mwishowe mama akapelekwa zahanati juu ya mkokoteni wa muuza maji, midomo imebadilika rangi. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini gari likaenda kwa fundi umeme, naye akainua zulia akasema, "Dada, mbona swichi yako hii hapa? Na zulia limeanza kuungua." Niliporudi mke wangu hakufoka, alinipeleka kwenye gari akasema, "Bonyeza nione." Nikabonyeza, nikapiga stata. Likawaka. Tangu hapo anaondoka bila kuniaga, na mama mkwe anajua yote. Je, heshima yangu itarudije, na yule fundi si alipaswa kuniuliza mimi kwanza kabla ya kufichua siri ya nyumba ya watu?

Kinyozi mwenye mawazo

Kinyozi,

Siri ya nyumba ya watu! Gari la baba yake, mgonjwa mama yake, halafu siri ni yako? Fundi huyo mwache kabisa. Yeye ndiye mwanamume pekee katika barua yako aliyemwambia mkeo ukweli.

Nakuonea huruma kidogo, kwa sababu mtu anayetegemea gari bovu ili mkewe amwite ana upweke. Ungeusema. Angekucheka, yangeisha. Wewe ukaona bora asukume chuma huku mama yake anatafuta pumzi. Hata ufundi wenyewe ni aibu tupu: umeme wote huo kwenye kiswichi, chini ya zulia! Ungemchoma akiwa ameketi.

Gari lirudishe kwa fundi. Swichi ikae kwenye dashibodi, peupe, rilei ibebe mzigo, fyuzi iwe karibu na betri. Wewe usiguse waya.

Kisha nenda kwa mama mkwe, peke yako. Usiseme ulisahau, usiseme ulikuwa utani. Sema, "Mama, niliificha makusudi ili binti yako anione wa maana, nikakaribia kukuua." Halafu nyamaza, aseme yake mpaka amalize.

Heshima usiiulizie tena. Na mkeo akiamua kukufukuza, ondoka kwa miguu. Ufunguo uache mezani.