Miguu Misafi Hainywi

Jumatatu, 26 Januari

Magunia kutwa. Mahindi ya mfanyabiashara wa Mbeya, lori mbili. Mvua ikakatisha kazi, tukajibanza chini ya turubai. Nikatoa simu.

Simu kanitumia Vero, binti yangu, yuko Dar. Alitaka nimuone mjukuu. Mjukuu namuona Jumapili. Siku zingine najibu maswali.

Kuna kundi huko mtandaoni, watu wanauliza mambo ya uchumi na maisha ya kila siku. Siwajui, hawanijui. Mimi niliishia la nne lakini kula nakula kila siku kama wao, kwa hiyo najibu. Leo mmoja kauliza ubepari ni nini kwa mtu wa kawaida. Nikaandika: nabeba gunia la mtu. Bei ikipanda, yeye anapanda. Mgongo wangu uko palepale.

Wamependa wengi. Nimerudi kwenye magunia nikiwa na nguvu.

Jumatano, 28 Januari

Neema wa Morogoro, mwanafunzi, huyu huwa anauliza vizuri, kauliza kama kuna mahali watu bado wanafanya kazi bila kulipana.

Nikamjibu papo hapo. Kwetu Ufipa kazi hizo zipo. Ukiwa na shamba unatengeneza pombe ya ulezi, unatangaza siku, watu wanakuja na majembe. Wanalima, wanakunywa, wanaimba, wanaenda kwao. Hakuna bosi. Hakuna mshahara. Watu wanakuja wenyewe, ndiyo desturi.

Mmoja anajiita Mchumi Huru akaingilia. Kasema hizo ni hadithi za babu, siku hizi hakuna anayeinama bila hela. Nikamwambia njoo Sumbawanga uone. Kasema mzee wewe mara ya mwisho kulimiwa lini?

Nikazima simu. Mara ya mwisho alikuwa bado hai Marselina, mke wangu.

Ijumaa, 30 Januari

Kaka Deo kaja huku kwetu Milanzi, kapita nyumbani kabla sijaenda kazini. Nimempa shikamoo, hakukaa. Shamba la Kasense, kasema, halilali mwaka wa pili. Ni ardhi ya baba. Majani yamefika kiunoni, watu wanacheka. Kuna mtu anataka kulikodi alime alizeti kwa trekta. Kanipa mpaka Jumatano ya Majivu. Nisipolima, linakwenda.

Mwaka jana sikulima. Marselina alikuwa ametoka kufa. Nilifika mara moja, nikasimama pembeni, nikarudi.

Lile shamba ndilo lililomsomesha Vero. Marselina kalilima miaka yote. Haliendi kwa mtu wa alizeti.

Peke yangu siwezi, niko kwenye magunia. Nitaita watu. Tena vizuri, yule Mchumi ataona.

Jumapili, 1 Februari

Nimeongea na Mama Zita, jirani. Anapika pombe kuliko wote Milanzi. Kimea anacho. Mimi nitampasulia kuni na kumchotea maji. Siku ni Jumamosi hii. Kwaresima ikianza nusu ya watu wanaacha pombe, kwa hiyo lazima iwe kabla.

Kaniuliza, umeshawaita watu? Nikasema nitawaita. Kaniangalia kidogo. 

Baada ya misa nimeandika kwenye kundi la simu la jumuiya yetu. Jumamosi, Kasense, shamba langu, ntumba, pombe ipo. Vidole gumba vimejaa. Na kule kwa Neema nimeandika: subirini picha za ntumba.

Kauliza ntumba ni nini. Nimemweleza. Unakata majani marefu, unayalaza, unapindua udongo juu yake, linakuwa tuta la duara kama kichuguu. Majani yanaoza humo ndani. Juu unapanda maharage. Mwaka unaofuata unatawanya, unaweka mahindi au ulezi. Mbolea ya bure. Mchumi Huru kasema bure haipo. Ana neno hilo moja tu, analitembeza kama mbuzi wa mnada.

Alhamisi, 5 Februari

Kuni nimemaliza kupasua. Pombe inachemka kwa Mama Zita, harufu imefika barabarani. Kwenye kundi wameongeza vidole. Bega linauma. Niko tayari.

Jumamosi, 7 Februari

Hawajaja.

Nilifika Kasense ukungu haujaondoka. Nikaanza mwenyewe. Jua likatoka. Akaja Mzee Kauzeni, anakaa jirani na shamba, umri wake jembe hawezi tena. Kaketi kwenye ndoo. Tukangoja. Alikuwa akiangalia njia, halafu ananiangalia mimi, halafu njia.

Nimepiga ntumba safu moja na nusu. Peke yangu. Ardhi imelala, mizizi kama kamba.

Mchana Mama Zita kafika na pombe kwenye bodaboda. Nyuma yake ndipo wakaja watu. Wanne. Majembe hawana. Wamevaa viatu. Wakasalimia vizuri, wakasogea kwenye ndoo ya pombe.

Mama Zita akasimama mbele yao, kata mkononi. Akasema, "Miguu misafi hainywi. Kaoneni shamba kwanza."

Mmoja akamwambia, "Mama, sisi tumekuja kumpa pole mwenzetu."

"Pole mpeni kwa jembe."

Wakacheka. Wakaondoka. Pombe haingoji mtu, Mama Zita kairudisha kwake kuiuza, wale wale jioni nasikia wameinunua.

Mimi nimerudi kwa miguu. Nina hasira. Hasira na watu wa Milanzi, na vidole vyao, na simu.

Picha sikutuma.

Jumapili, 8 Februari

Sikuongea na mtu kanisani. Mama Zita kanifuata nje, kanishika mkono wa koti kama mtoto.

Kaniuliza kama nafikiri Marselina alikuwa akitangaza. Nikasema si alikuwa anatengeneza pombe, watu wanakuja. Akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi ya kanisa. Halafu akaacha kucheka.

Kanieleza. Pombe ikiwa bado changa, ikiwa togwa tamu, Marselina alikuwa anajaza kibuyu anapita nyumba kwa nyumba. Anakaa. Anauliza habari za watoto, za mgonjwa, za ng'ombe. Anamimina togwa. Hataji shamba mpaka mtu aonje. Ukionja umekubali jembe. Ukikataa kuonja hana kinyongo, anaenda nyumba nyingine. Na kabla ya togwa, mwezi mzima, yeye mwenyewe alikuwa kwenye mashamba yao. Kwa huyu siku moja, kwa yule siku mbili.

Nikasema mbona sikumuona.

"Baba Vero, ulikuwa mjini unabeba magunia. Ulikuwa unakuja siku ya pombe, umeoga."

Basi.

Nimekaa nyumbani nikikiangalia kibuyu. Kipo kwenye msumari palepale alipokitundika. Miaka yote nilijua ni cha maji.

Nimemwandikia Neema kwamba nilimwambia uongo bila kujua. Watu hawaji wenyewe. Walikuwa wanaletwa na mke wangu kwa miguu yake. Mchumi Huru kajibu kwa vicheko vingi. Kasema si nilikwambia, kumbe mlikuwa mnalipana, mnakopeshana jembe tu. Nikamwambia sawa, kwa hilo umepatia. Halafu nikamuuliza yeye ana nani wa kumkopesha jembe. 

Jumanne, 10 Februari

Mama Zita kasema kimea kimebaki, pombe nyingine inawezekana kufika Jumamosi. Kuni tena. Sawa.

Kazini nimewaambia siji mpaka Jumatatu. Msimamizi kanuna. Anune.

Jana na leo nimelima kwa Mzee Kauzeni. Wajukuu zake wapo lakini ni wachache, na shamba lao la maharage limezidiwa na magugu. Sikumuomba kitu. Nilifika, shikamoo mzee, nikaingia shambani. Wajukuu wakaacha kulima wakawa wananiangalia. Mmoja kasema kwa Kifipa, akidhani sisikii, huyu leo kapotea njia ya ghala. Nikamjibu kwa Kifipa. Wakaangua kicheko.

Mchana tumekula ugali wa ulezi na maharage. Mzee kasema Marselina alikuwa analima upande ule wa juu, akimaliza safu anapiga mpini wa jembe chini mara moja, kama anagonga mlango. Mimi sikulijua hilo. Nimeishi naye maisha yangu yote ya utu uzima.

Imeniuma. Nimemaliza safu nne.

Alhamisi, 12 Februari

Nimetembeza togwa.

Nimekivua kibuyu kwenye msumari, nimekiosha kwa maji ya moto na mchanga. Mama Zita kakijaza. Kaniambia usiseme shamba. Usiseme. Nimesema sawa.

Mwanaume na kibuyu cha togwa barabarani Milanzi, mchana kweupe. Vijana wa bodaboda kijiweni wakapiga miluzi. Kaka, mambo vipi, umeolewa? Nikawaambia poa, mahari bado, nyie changeni. Nikapita.

Nyumba ya kwanza nilikosea. Nilisimama mlangoni nikamimina kabla sijakaa. Mama wa nyumba akaweka kikombe chini, hakugusa. Ni mke wa mmoja wa wale wanne wa viatu. Nikaondoka.

Ya pili nilikaa. Kukaa ni kazi kuliko gunia. Nimeuliza habari za watoto, kumbe mmoja alilazwa mwezi mzima, mimi na huyo baba tunasali jumuiya moja na sikujua. Akanieleza yote. Nilisikiliza. Akachukua kikombe mwenyewe akanywa. Akasema, "Hiki kibuyu nakifahamu."  Akasema Jumamosi anakuja na mke wake.

Wengine wameonja. Wengine hapana. Mmoja kaniambia usoni kwamba msiba wa mama yake nilikuja nikakaa kidogo nikaondoka. Ni kweli. Sikubisha.

Kwa Kaka Deo pia nimefika. Nimemimina. Kasema hanywi vitu vitamu. Kasema anakuja Jumamosi na yule mtu wa trekta, walipime shamba. Nikamwambia karibuni.

Usiku huu sijui watakuja wangapi. Sitangazi popote. Simu iko kwenye kabati.

Jumamosi, 14 Februari

Wamekuja.

Siyo wengi kama enzi za Marselina. Lakini nilipofika niliwakuta. Wajukuu wa Kauzeni walikuwa wameshaanza kukata majani, wameniachia nafasi katikati ya mstari kama vile mimi ndiye mgeni. Baba wa yule mtoto aliyelazwa na mke wake. Wanawake wa jumuiya. Hata mama wa nyumba ya kwanza, yule ambaye hakugusa kikombe. Hakunisalimia. Kalima.

Manyunyu asubuhi, udongo laini. Ntumba zikaanza kuota moja baada ya nyingine. Wimbo ukaanza upande wa juu. Mimi sijui kuimba, napiga jembe. Nilipomaliza safu ya kwanza niligonga mpini chini. Mzee Kauzeni pale kwenye ndoo yake akageuza kichwa haraka. Akaniona ni mimi. Akainamisha kichwa.

Mchana Kaka Deo akatokea na yule mtu. Gari lao liliishia barabarani kwa sababu ya tope. Wakasimama pembeni ya shamba. Mtu wa trekta akaangalia matuta, akaangalia watu, akamuuliza kaka kitu kwa sauti ya chini. Sikusikia. Akarudi kwenye gari peke yake.

Kaka akabaki. Akaja mpaka kwenye ndoo ya pombe, akanyoosha mkono.

Mama Zita akamwangalia viatu. Vyeusi, vya kanisani.  Akafunika ndoo.

Watu wote wakaacha kulima. Nilitaka kusema mpe, ni mkubwa wangu. Sikusema.

Kaka Deo akainama akavua viatu. Soksi akaziweka ndani ya viatu. Akapandisha suruali. Akachukua jembe la mtu aliyekuwa anapumzika, akaingia upande wa chini, kwenye majani mabaya kabisa. Kalima kama alivyokuwa analima baba, kwa fujo, udongo unamrukia usoni. Mtu mmoja akasema huyo mzee asimamishwe atavunjika. Hakusimamishwa.

Aliporudi miguu haionekani kwa udongo. Mama Zita akafunua ndoo akamchotea ya kwanza, kata imejaa. Kanywa yote. Kapangusa mdomo. Akaniambia, "Kona ile ya chini imebaki. Utaimaliza wewe."

Hilo tu. Nimeelewa.

Sikupiga picha. Nimesahau.

Jumatano, 18 Februari

Majivu. Tumepakwa asubuhi. Nimetoka na alama kwenye paji la uso nikaenda moja kwa moja Kasense. Kona ya chini nimeimaliza. Nimepanda maharage juu ya ntumba zote, yale ya njano ambayo Marselina aliyaweka mbegu kwenye chungu. Yalikuwa mazima.

Kibuyu nimekirudisha kwenye msumari. Kina unyevu bado.

Nimefungua simu. Neema kauliza ikawaje. Nimemwambia wamekuja, shamba limelimwa, limebaki letu. Kauliza sasa mfumo huo unaitwaje, aandike. Siyo ubepari, siyo ujamaa. Mchumi Huru naye yupo, safari hii hajacheka, kauliza hiyo togwa inatengenezwaje.

Sijui unaitwaje. Togwa nimemwambia aulize mwanamke.

Nimewaandikia wote wawili kwamba kesho asubuhi nipo kwa yule baba wa mtoto aliyelazwa, anaanza ntumba zake, sitakuwa na simu.

Jembe nimelinoa. Liko mlangoni.