Dawa ya Mama na Samaki wa Mueni

Ijumaa, Agosti 2008. Baridi kali, mawingu yamelalia vilima vya Iveti tangu asubuhi.

Samaki wa Mueni wanakufa.

Mueni, mke wangu, aliwanunua watatu wa rangi ya dhahabu mwaka ule alipougua. Yeye ametutoka, samaki wakabaki, na binti yetu Mwende huwaamkia wao kabla ya kuniamkia mimi. Kwa hiyo maji yao yalipoanza kuwa meupe kama ya kuoshea mchele, usingizi ulinipotea. Kichujio chao kimoja kilikuwa kimelemewa. Stima ikipotea ndiyo kabisa.

Leo nimekwenda Nairobi kuchagua cha pili. Muuzaji aliniwekea viwili mezani: cha sifongo, ambacho utelezi unaoota ndani yake ndio hula uchafu wa samaki, na cha mkaa maalum, unaofyonza dawa na harufu majini. Nilisimama pale hadi akachoka nami, akahudumia wengine. Mwishowe nikajiambia, dawa gani? Kwangu hakuna dawa. Nikabeba cha sifongo.

Nimefungua mlango wa nyumbani nikapokewa na harufu ya sakafu ya hospitali. Samaki wote wako juu, midomo nje ya maji, wanahema.

Mama alikuja juzi kutoka Kalama kutusaidia. Tangu kipindupindu kipite kijijini nikiwa mtoto, hampi mtu maji bila kuyatia matone ya dawa, klorini ya kuua viini, na kichupa chake hakikosi kwenye kiondo. Leo nikiwa Nairobi ameutazama ule weupe wa maji, akawahurumia samaki.

"Mutua, nimewawekea dawa," aliniambia, uso umemchangamka. "Hayo maji hata mimi siwezi kunywa."

Nilitaka kupiga kelele. Kwa Mama? Nikameza hasira, nikachukua ndoo. Nilichota maji ya mvua kwenye tangi la nje, nikabadilisha nusu, kisha nusu tena. Mwende alikuwa ameshika ukingo wa meza, macho kwa samaki. Angelia, angalau ningejua la kufanya.

Mmoja amekufa.

Wawili wameteremka kidogo. Wanapumua, lakini siwaamini. Kesho alfajiri narudi Nairobi kumwomba yule muuzaji anibadilishie, anipe cha mkaa.

Naogopa. Nimemzika Mueni, na leo nimeogopa tena vilevile, kwa ajili ya visamaki viwili.

Mama hajui. Amemwambia Mwende kwamba yule mmoja alikuwa mgonjwa tayari, na ni bahati dawa imewawahi hao wengine. Nimekificha kichupa kwenye koti langu. Sasa namsikia akipekua kiondo chake, anakitafuta. Anataka kuwaongezea.

Lazima nimwambie kabla sijaondoka. Lakini nitaanzaje kumweleza kwamba kinachowaua ndicho alichonilea nacho?