Mkwe Alishuka, Mimi Nikapita

Jumatano

Na hii pikipiki ya ofisi sasa imenikosanisha na baba mkwe.

Nilipokuwa napeleka vifurushi Dutwa kwa baiskeli nilikuwa nafika hoi, lakini hakuna mzee niliyempita bila kushuka na kumwamkia, "Mwangaluka." Leo asubuhi bosi kanipigia simu njiani, mteja ana haraka. Mara namwona baba mkwe anakuja na baiskeli yake. Nikapiga honi, nikainua mkono. Honi! Kama vile nafukuza ng'ombe barabarani.

Jioni nikamwambia mke wangu kwamba labda mzee hakunitambua, nilikuwa nimevaa helmeti. Akaendelea kupepeta mchele.

"Baba amekutambua. Amenipigia simu kuuliza kama huku kuna msiba, maana mkwe wake kapita bila kusimama."

Angenitukana ingekuwa nafuu. Kesho nitaenda kwake kwa baiskeli. Nikifika niseme nini, sijui.

Nilichoshindwa kumwambia mke wangu ni kile nilichokiona kwenye kioo cha pikipiki: mzee ameshashuka, kashika usukani, kasimama ndani ya vumbi langu, anangoja salamu.