Doa kwenye slaidi za baba

Jumamosi, Busia

Kichwa bado kinaniuma. Nimevuka hadi upande wa Kenya kutafuta kifaa cha kutazamia slaidi pacha za marehemu baba, zile za picha mbili zinazoungana machoni kuwa moja yenye kina, na cha kwanza nilichojaribu, cha plastiki, kimenionyesha mama yangu mara mbili, kote ana ukungu.

"Utazoea tu, dada," muuzaji akasema.

Nizoee maumivu?

Nikajaribu kingine, kizito, chenye lenzi za kioo. Nikazungusha gurudumu taratibu mpaka mama akawa mmoja, msichana bado, ufukweni Majanji, ziwa likiwa mbali nyuma yake. Na lile doa jeusi, nililodhani ni uchafu wa filamu, likaacha kuelea juu ya picha, likalala chini mchangani.

Nikakinunua. Jioni mama ametazama muda mrefu.

"Hicho ni kivuli cha baba yako," amesema. "Ananipiga picha."

Mpaka leo hatukuwa na picha yake hata moja.