Tundu la Pili la Mkanda

Dar Lauzi, mwezi wa Shaabani

Kwa kaka yangu Mukbil bin Salehe, aliyeko Jidda.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute mzima, na lile jiwe la figo ulilolilalamikia liwe limeshatoka kwa uwezo wake Mola. Wifi yangu Takia hajambo? Na mabinti zako watatu? Mwambie wifi kwamba kile kitambaa alichonitumia nimekishona, na majirani wameshakionea kijicho cha kutosha. Sisi huku tu hai. Sisemi tu wazima, maana siku hizi hata neno uzima naogopa kulitamka, lisije likasikiwa.

Kaseti yako ilifika. Dereva wa lori aliileta imefungwa ndani ya soksi pamoja na zile fedha, na hakupunguza kitu, Mungu amlipe. Tuliisikiliza mimi, Jubran na mkwe wangu mzee Hizam. Ulitaka nikujibu kwa kaseti vilevile, lakini nimeona bora kalamu. Sauti yangu ingetetemeka, nawe ungeacha kazi ukaja mbio, na huku hatuhitaji mwanamume mwingine wa kulengwa. Namshukuru marehemu baba kwa kunifundisha herufi pamoja nawe, watu wakimcheka kwamba anamnolea kuku kisu.

Nianze mwanzo, kwa sababu najua huko mambo yamekufikia vipandevipande. Shemeji yangu Kaid, mdogo wake marehemu mume wangu, aligombana kwenye birika la kumwagilia mashamba na Radwani wa ukoo wa Bait Sururi, kila mmoja akidai zamu ya maji ni yake. Kaid akafyatua. Radwani alikufa palepale, jembe lingali mkononi. Kaid akatoroka na bunduki pekee ya nyumba hii, na mpaka leo hatujui aliko. Bunduki kaichukua, damu katuachia. Sasa Bait Sururi wanataka mwanamume wa nyumba yetu, na wanaume waliobaki ni wawili tu. Mmoja ni mzee Hizam, ambaye haoni hata mkono wake mwenyewe, na husema, “Mimi hata wakiniua watasikitikia risasi yao.” Wa pili ni Jubran wangu.

Sikufundishi desturi, kaka, nakukumbusha tu, kwa kuwa kaseti yako ilisema kana kwamba umezisahau. Mwanamke haguswi, na mtoto haguswi. Lakini mtoto ni nani? Hapa hakuna anayeuliza mwaka wa kuzaliwa. Aliyebeba silaha ni mwanamume, asiyebeba ni mtoto. Jubran ana miaka kumi na minne, na tangu mvua za mwaka jana anarefuka kama aliyevutwa masikio. Nawe ukasema kwenye kaseti kwamba nyumba isiyo na bunduki ni mlango usio na komeo. Nichague bunduki nzuri, nisidanganywe na ya kuungaunga, nimpe Jubran alale nayo, na mkanda wa risasi utautuma wewe mwenyewe. Mtoto alirudisha sehemu ile akaisikiliza tena na tena mpaka betri zikaisha. Nami nilikutii, kwa sababu wewe ndiye mkubwa, na kwa sababu nilikuwa naogopa. Mtu mwenye hofu hushika chochote atakachopewa.

Tukaenda soko la silaha mimi, mzee Hizam na Jubran. Sokoni hakuna kisasi. Atakayemwaga damu mle ndani atalaaniwa na makabila yote. Ndiyo maana nilithubutu kumpeleka mtoto. Sikufikiri kwamba amani hiyo ni ya wote, na kwamba hata Bait Sururi wangeweza kukaa pale wakinywa kahawa kwa raha zao.

Tuliingia kwa Sarhani, yule mnene ambaye shavu lake la mirungi halijashuka tangu tukiwa watoto. Aliponiona alipaza sauti duka zima lisikie: “Leo tumekwisha! Wanawake wamekuja kununua bunduki, waume watasonga asida jikoni!” Nikamwambia kwamba asida ya mume wangu marehemu ilikuwa tamu kuliko maneno yake, basi alete mali tuone. Watu wakacheka, nami nikapata nguvu kidogo. Akatoa ya kwanza, ndefu, ya zamani, akaisifu kwamba inampata mtu ng’ambo ya bonde. Mzee Hizam akaipapasa kwa vidole kuanzia kitako hadi mdomo wa mtutu, akasema kwamba sisi adui hatumngojei ng’ambo ya bonde, tunamngojea kwenye ngazi, na ngazi za nyumba yetu ni nyembamba. Ukigeuka na hiyo utabomoa ukuta kabla hujaona mtu. Sarhani akaleta fupi yenye kitako cha kukunja. Mzee akaitikisa sikioni kama anayechagua nazi, akairudisha. “Hii inacheza meno,” alisema. Ndipo ikaja ya tatu, ya Kirusi, kitako cha mti mwekundu. Sarhani akaifungua na kuuelekeza mtutu kwenye mwanga nichungulie, akasema, “Mama Jubran, bunduki ni kama mkwe. Usitazame sura, ulizia ukoo. Hii ukoo wake naujua mpaka kwa babu.” Kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza hata mara moja: ataishika nani?

Kabla sijafungua kinywa Jubran alishasimama. Sarhani akamvika begani, akarudi nyuma kumtazama, akaanza kurekebisha mkanda wa kuibebea. Mtoto wangu akanyooka. Wallahi, Mukbil, alipendeza. Kwa kitambo kidogo nilimwona baba yake, na moyo wangu ukafurahi, nami sijajisamehe furaha ile.

Ndipo nikasikia mtu nyuma ya magunia akisema, kwa upole kabisa, kama mjomba: “Mfungie tundu la pili. Mabega yameshafika.”

Alikuwa Muthana wa Bait Sururi, kaka yake Radwani aliyeuawa. Alikuwa ameketi na kikombe chake cha kahawa ya maganda, na sijui alikuwa pale tangu saa ngapi. Hakuonyesha hasira. Alinisalimu, akaniuliza hali ya mbuzi, kisha akasema, “Huyu ndiye Jubran? Mashallah. Mwaka jana nilimwona anakimbiza wanakondoo. Sasa ana umri gani?” Mzee Hizam akageuza uso kule sauti ilikotoka, akajibu haraka kwamba ni mtoto tu, bado ananyonya. Muthana akatabasamu. “Mtoto habebi ile, ami,” alisema, akamalizia kahawa yake na kuondoka.

Nilimvua mwanangu bunduki kwa mikono miwili, mbele ya watu, nikasema si yake, naitaka mimi nikaitundike ukutani. Duka lote likacheka. Hatukununua kitu kwa Sarhani. Njiani kurudi, tulipovuka tu jiwe la mpaka wa soko, amani yake iliishia nyuma yetu. Nilitangulia mbele ili anayelenga anione mimi kwanza, mzee akafuata nyuma na fimbo yake, na Jubran tukamweka katikati. Nikampa kuku tuliyemnunua sokoni ambebe, na kikapu cha vitunguu kichwani, kama msichana. Kila tulipopita mwamba nilitazama juu. Alibeba akilia kimyakimya kwa aibu, nami nikajifanya sisikii. Wanawake birikani waliposikia nimemzuilia silaha walinitupia methali, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Niliwajibu kwamba kulia nimeshazoea, kuzika ndiko sijazoea, kwani hakuzoeleki.

Siku zilizofuata nilikuwa nahesabu kila mbwa anayebweka. Nilimfungia Jubran ghorofa ya juu, nikaziba dirisha la upande wa birika kwa gunia la mtama. Ndipo mzee Hizam akaniambia kwamba Sheikh Naji, ambaye sisi na Bait Sururi sote humsikiliza, yuko tayari kutupatanisha, ila mkeka wake uko mtupu. Waliotenda kosa ndio hutangulia kuweka bunduki mbele yake, kuwa dhamana kwamba hukumu yoyote atakayotoa wataikubali. Wakiikataa, bunduki zimekwenda na jina lao limekwenda nazo. Na sisi hatukuwa na bunduki yetu ya kuweka.

Basi nilimtuma mzee na mpwa wa jirani wakainunue ile ya Kirusi kwa fedha zako. Jubran alipoiona ikipanda ngazi alidhani nimeshindwa, akanibusu mkono. Kesho yake niliibeba mwenyewe hadi kwa sheikh, mzee Hizam ameshika bega langu, nikaiweka mkekani. Wanaume wakatazamana. Sheikh Naji ni mtu wa haki, hakunikejeli kwa kuwa mwanamke. Aliigusa kidogo tu, akasema, “Binti wa Salehe, hii mafuta ya dukani hayajakauka. Bait Sururi watasema mmeweka kitu ambacho hamtakikumbuka kesho. Dhamana ni kile ambacho mtu lazima atarudi kukifuata.”

Kaka, nakuomba ukae chini kama umesimama.

Nilirudi nyumbani, nikafungua sanduku, nikatoa bunduki ya baba. Ile ya pete za fedha, ambayo ulinikabidhi ulipokuwa unasafiri ukaniapisha isitoke ndani ya kitambaa mpaka Mungu akujalie mtoto wa kiume. Niliitoa bila ruhusa yako. Niliibeba mchana kweupe, bila kuifunika, ili kila mtu aione inakokwenda, nikailaza mkekani kando ya ile ya Kirusi. Sheikh Naji alipoiona alisimama, na wote waliokuwa pale wakasimama, kama aliyeingia ni baba mwenyewe. Hakuna aliyesema neno kuhusu mafuta ya dukani. Uliniambia nichague bunduki ya kulinda nyumba, nami nimechagua hiyo. Kama tutashindwa kuitimiza hukumu, bunduki hiyo haitarudi, na nitakuwa nimempoteza baba mara ya pili, na wewe pamoja naye. Nimelifikiri hilo, na hata sasa ningeitoa tena. Kasirika, ni haki yako. Lakini ikiwa sandukuni haikuwahi kumwokoa mtu, kaka, na mkekani labda itamwokoa mmoja.

Bait Sururi wamekubali amani mpaka mtama uvunwe, ndipo hukumu itolewe. Waliomba jambo moja tu. Muthana alisema hana ugomvi na watoto, lakini aliona kwa macho yake mkanda ukifungwa. Kwa hiyo anataka kijana mwenyewe aseme mbele ya wanaume yeye ni nani. Jubran aliletwa. Alikuwa amevaa koti la baba yake, amechana nywele kwa maji. Nilisimama mlangoni, nusu ndani nusu nje. Muthana akamuuliza bunduki yake iko wapi. Mtoto alinitafuta kwa macho, akanipata. Kisha akasema, “Sina. Mimi bado mtoto.” Vijana fulani wakacheka kwa pua. Muthana hakucheka. Alitikisa kichwa kama mtu aliyelipwa nusu.

Tangu siku hiyo Jubran hajazungumza nami. Anakula ameelekea ukutani, na nikiingia anatoka. Zamani tuliambiwa kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nilidhani nimechagua kicheko. Hapa hakuna anayecheka, lakini mwanangu anapumua, nami nikipita mlangoni kwake husimama kusikiliza.

Naogopa, Mukbil. Sasa simwogopi Muthana peke yake. Kila asubuhi Jubran anapoinama kupita mlango wa zizi naona amerefuka, anainama zaidi ya jana, na mtama bado uko kijani.

Kwa hiyo usitume ule mkanda wa risasi. Mtumie viatu. Vya sasa vidole vimetokeza. Alipokuwa amesinzia mchana nilimpima wayo kwa uzi, na uzi huo nimeukunja ndani ya barua hii. Najua mtoto hununuliwa viatu vikubwa ili avikulie. Safari hii nakusihi, vilingane na uzi, visizidi hata kidogo.

Mzee Hizam anakusalimu, na anasema jiwe la figo hutolewa kwa maji ya shayiri, si kwa manung’uniko. Mkumbatie wifi, wabusu mabinti zangu mmoja mmoja, na mshukuru Mungu kwamba ni mabinti. Tuombee, nasi tunakuombea. Wasalaam.

Ni mimi dada yako wa tumbo moja,
Ghalia binti Salehe, mama Jubran